Askari wa Zamu Kidoleni mwa Mgonjwa

Askari yeyote aliyepata kushika lindo usiku wa manane anajua kwamba adui wa hatari si yule anayekuja kwa kishindo. Adui wa hatari ni yule anayetambaa kimya, akafika langoni kabla mbwa hajabweka. Ndiyo maana majeshi yote ya dunia, tangu zama za mikuki na ngao, yameweka walinzi wa zamu. Na ndiyo maana mlinzi anayesinzia lindoni huhesabiwa kuwa mkosaji mkubwa hata kama usiku huo hapakutokea jambo lolote.

Katika mwili wa binadamu yupo adui wa aina hiyo. Jina lake ni upungufu wa oksijeni katika damu. Mtu anayepungukiwa na oksijeni polepole aghalabu hasikii maumivu. Pengine huchangamka, akajiona hodari na kucheka ovyo, kumbe akili yake inampotea. Wale waliopata kuupanda Mlima Kilimanjaro, ambako Luteni Alexander Nyirenda aliusimika Mwenge wa Uhuru mwezi Desemba, 1961, wanaifahamu hali hiyo. Pale kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni anayoipata mtu aliyesimama ufukweni Dar es Salaam. Mpandaji anayeanza kupayuka na kupepesuka hana budi kuteremshwa mara moja, hata kama mwenyewe anaapa kwamba hana neno.

Siku hizi vyombo vyenye vitambuzi, yaani vifaa vinavyohisi hali ya mwili na kuitolea taarifa kwa tarakimu, vimeenea katika kazi ya uganga. Kimojawapo kiliundwa mahsusi kumfichua adui huyu wa kimya. Ni kile kibanio kidogo kinachobanwa kwenye kidole cha mgonjwa, nacho huitwa oksimita. Historia yake inastahili kujulikana na watu wa majeshi ya ulinzi na usalama, kwanza kwa sababu ilipata msukumo wake mkubwa vitani, na pili kwa sababu mambo yaliyotokea katika nchi jirani za Uganda, Malawi na Kenya yanathibitisha kwamba kupewa mlinzi ni jambo moja, na kulindwa ni jambo jingine.

Kwa karne nyingi daktari alitegemea macho yake. Damu yenye oksijeni tele huwa nyekundu iliyokoza, na damu iliyoishiwa oksijeni hugeuka rangi ya zambarau. Kwa hiyo daktari alitazama midomo na kucha za mgonjwa. Mwaka 1947 wataalamu wawili wa Marekani, Julius Comroe na Stella Botelho, waliyajaribu macho hayo. Waliwapumzisha watu wenye afya hewa yenye oksijeni kidogo, wakawataka watazamaji waseme ni lini rangi ilipogeuka. Watazamaji wengi hawakuitambua hatari kwa yakini mpaka kiwango cha oksijeni katika damu kiliposhuka kufikia asilimia 80 au chini yake. Mtu mzima wa afya anayeishi pwani huwa na asilimia 95 au zaidi, na chini ya asilimia 90 hali huwa ni ya hatari. Kwa maneno mengine, macho ya mganga yalimwona adui alipokwisha kuingia kambini. Na kwa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwani daktari hana budi kutazama ulimi na ufizi.

Jaribio la kuweka mlinzi mwenye macho makali kuliko ya binadamu lilikwisha kuanza kabla ya hapo. Mwaka 1935, huko Leipzig, Ujerumani, Karl Matthes aliunda chombo kilichopenyeza miali ya aina mbili katika ndewe la sikio na kupima kiasi kilichotokea upande wa pili. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, jambo hilo likawa la haraka. Ndege za kivita zilikuwa zikiruka juu sana, na marubani walikuwa wakizimia angani kwa kukosa oksijeni bila ya wao wenyewe kutambua kwamba wanazimia. Mmarekani Glenn Millikan alitengeneza kifaa chepesi cha kuvaliwa sikioni ili kimwonye rubani mapema, na mwaka 1942 alikitangaza kwa jina la oksimita. Hivyo basi, kabla chombo hiki hakijawa rafiki wa wagonjwa, kilikuwa mlinzi wa askari.

Hata hivyo, oksimita ya zama za vita ilikuwa na udhaifu. Haikuweza kutenganisha damu inayotoka moyoni na damu nyingine, wala na ngozi na nyama. Ililazimu sikio lipashwe moto, kisha chombo kirekebishwe upya kwa kila mtu. Kwa miaka thelathini kilibaki kuwa kifaa cha maabara.

Aliyekata mzizi wa fitina alikuwa mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden mjini Tokyo. Aoyagi hakuwa akitafuta oksimita. Alikuwa akitaka kupima nguvu ya moyo kwa kuangaza sikio la mtu aliyedungwa sindano ya rangi, na mapigo ya mshipa yakawa yanamharibia vipimo vyake. Alipojaribu kuyafuta mapigo hayo kwa kutumia miali ya aina mbili, aligundua kwamba yalikataa kufutika kila kiwango cha oksijeni kilipobadilika. Mtu mwingine angekasirika na kuacha. Aoyagi akang'amua kwamba kile alichokidhania kuwa ni ghasia ndicho kilichokuwa ujumbe wenyewe. Damu inayodunda ni ile tu inayotoka moyoni. Basi mtu akiuhesabu mdundo peke yake, ngozi, nyama na mfupa havimhusu. Aliitangaza kanuni hiyo mwaka 1974, na kampuni yake ikauza chombo cha kwanza mwaka 1975. Kampuni nyingine ya Japani, Minolta, ikatoa chombo cha kidole mwaka 1977. Aoyagi alifariki mwezi Aprili, 2020, wakati dunia nzima ilipokuwa inakigombea chombo alichokianzisha.

Katika miaka ya 1980 makampuni ya Marekani yalikichukua chombo hicho na kukiingiza katika vyumba vya upasuaji. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi, ile ambayo wananchi huiita nusu kaputi, hawezi kusema wala kujitetea. Mpira wa kumpitishia hewa ukichomoka au ukipita njia isiyo yake, dakika chache tu zinatosha kuuharibu ubongo au kuusimamisha moyo. Kufikia mwaka 1990, katika hospitali za nchi tajiri, kumlaza mtu usingizi wa dawa bila ya oksimita kulikuwa sawa na kulala porini bila ya kuweka lindo.

Lakini katika nchi zetu hali ilikuwa nyingine, na mfano wa Uganda unaeleza mengi. Hospitali mpya ya Mulago, iliyofunguliwa mwaka 1962, ilikuwa miongoni mwa hospitali zenye sifa kubwa katika Afrika Mashariki, na madaktari wa nchi zote tatu walipata mafunzo yao Makerere. Wakati Aoyagi anaitangaza kanuni yake mwaka 1974, Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Madaktari wengi, wenyeji na wageni, walikuwa wamekwisha kuikimbia nchi. Amin aling'olewa Kampala mwezi Aprili, 1979, na askari wa Tanzania waliokuwapo wanajua gharama yake. Hata hivyo, hospitali iliyobomolewa kwa miaka minane haijengwi kwa siku nane, na machafuko yaliyofuata yaliichelewesha zaidi kazi hiyo. Nchi ambazo zilikuwa na amani na fedha zilipokuwa zinawafunza watu wao kutumia vyombo vipya, Uganda ilikuwa inatafuta dawa na nyuzi za kushonea.

Matokeo yake yalionekana baada ya miaka mingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 uliwahoji watoaji 97 wa dawa ya usingizi nchini Uganda kuhusu vifaa walivyokuwa navyo. Ni asilimia 23 tu waliokuwa na vifaa vya kumlaza mtu mzima kwa usalama. Kwa mtoto, walikuwa asilimia 13. Kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, walikuwa asilimia 6. Tarakimu hizo hazikuwa aibu ya wataalamu wale, ambao walifanya kazi usiku na mchana kwa mikono na masikio yao. Zilikuwa ni kipimo cha pengo kati ya dunia mbili. Mwaka 2010 watafiti walikadiria kwamba vyumba vya upasuaji zaidi ya 77,000 ulimwenguni havikuwa na oksimita, na upungufu mkubwa kabisa ulikuwa katika Afrika.

Juhudi za kuliziba pengo hilo zilikuwa zimeanza, na Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi nne za kwanza ambako vyama vya wataalamu wa usingizi vilipeleka oksimita pamoja na mafunzo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikishwa kabla, wakati na baada ya upasuaji. Miongoni mwa maswali ya mwanzo ni hili: je, oksimita imewekwa kwa mgonjwa, na inafanya kazi? Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, hapa Tanzania. Nyingine zilikuwa katika miji kama London, Seattle, Manila na New Delhi. Kwa jumla, vifo baada ya upasuaji katika hospitali hizo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sifa hiyo si ya oksimita peke yake, bali ni ya orodha nzima na nidhamu ya kuifuata. Askari hatashangaa kusikia hivyo, maana anajua kwamba bunduki bila ya utaratibu haishindi vita. Mwaka 2011 likaundwa shirika la Lifebox, likaanza kusambaza oksimita imara na ya bei nafuu katika nchi maskini, daima pamoja na mafunzo.

Kutoka chumba cha upasuaji, mlinzi huyu aliendelea mpaka vijijini. Nchini Malawi, kama ilivyo katika nchi zote za sehemu hii ya Afrika, nimonia ni muuaji mkubwa wa watoto wadogo. Mhudumu wa afya kijijini hufundishwa kuhesabu pumzi za mtoto na kutazama kama kifua kinabonyea ndani. Watafiti waliwapa wahudumu wa vijiji na zahanati oksimita, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalikuwa ya kutisha. Zaidi ya nusu ya watoto waliokuwa na upungufu mkali wa oksijeni hawangepelekwa hospitali kama wahudumu wangefuata dalili za macho peke yake. Wangerudishwa nyumbani na vidonge. Mama angembeba mwanawe mgongoni akidhani hatari imepita, kumbe amembeba adui.

Hapana shaka, basi, kwamba chombo hiki ni neema. Lakini hapo ndipo swali zito linapoingia. Mlinzi akipuliza filimbi, nani atakuja?

Oksimita haitibu mtu. Inasema tu kwamba oksijeni imepungua. Kama zahanati haina mtungi, kama mtungi ni mtupu, au kama gari la kuuleta kutoka mjini limekwama matopeni, tarakimu ile inayomulika kidoleni haina faida zaidi ya kumweleza mzazi kwamba anafiwa. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa janga la UVIKO-19, nchi nyingi za Afrika zililigundua jambo hilo kwa uchungu. Oksimita zilinunuliwa kwa wingi, nazo zilitoa onyo, lakini mitungi haikutosha. Nchini Kenya wapo waliokuwa wamekwisha kuanza kuliona tatizo hilo mapema. Mwaka 2014, huko Siaya, karibu na Ziwa Victoria, shirika liitwalo Hewa Tele lilianzisha mtambo wa kutengeneza oksijeni na kuisambaza kwa mitungi katika hospitali na vituo vya afya vya jirani. Jina lenyewe linajieleza. Somo la Siaya ni kwamba kila fedha inayotumika kununua kitambuzi haina budi kuandamana na fedha ya kulijibu onyo la kitambuzi hicho.

Liko swali la pili, na hili ni zito zaidi. Je, mlinzi anasema kweli?

Itakumbukwa kwamba, kwa kanuni ya Aoyagi, ngozi haikupaswa kuhusika kabisa, kwa kuwa chombo huhesabu mdundo wa damu peke yake. Vitendo vilionyesha vingine. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani, Amal Jubran na Martin Tobin, waliripoti kwamba oksimita ilikosea zaidi kwa wagonjwa weusi waliokuwa wakipumulia mashine. Mwaka 2005 uchunguzi mwingine ulithibitisha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi sana chombo huelekea kutaja kiwango cha juu kuliko ukweli, hasa oksijeni inapokuwa imeshuka. Taarifa hizo zilisomwa, zikawekwa kabatini. Mwezi Desemba, 2020, madaktari wa Michigan walilinganisha tarakimu za oksimita na vipimo vya damu yenyewe. Walichagua nyakati ambazo chombo kilisema mgonjwa ana asilimia 92 hadi 96, yaani hali ya kuridhisha. Miongoni mwa wagonjwa weupe, chini ya 4 katika kila 100 walikuwa kwa kweli katika hatari. Miongoni mwa wagonjwa weusi walikuwa karibu 12 katika kila 100. Kosa lilikuwa karibu mara tatu.

Askari polisi aliyezoea kupokea taarifa anaelewa uzito wa jambo hilo. Mlinzi asiyekuwapo humfanya kamanda awe macho. Mlinzi anayesema "shwari" wakati si shwari humlaza kamanda usingizi.

Chanzo cha kosa hilo si uchawi, na si lazima kiwe chuki. Chombo hufundishwa kwa kulinganishwa na damu ya watu wa kujitolea katika maabara. Kwa sehemu kubwa watu hao walikuwa weupe. Mwongozo wa mwaka 2013 wa idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ulitaka chombo kijaribiwe kwa watu wasiopungua 10, na kati yao wenye ngozi nyeusi sana wasipungue 2 au asilimia 15. Watu wawili walitakiwa kulisemea bara zima! Mwezi Januari, 2025, idara hiyo ilitoa rasimu ya mwongozo mpya inayotaka watu 150 au zaidi, wa rangi zote za ngozi. Ni hatua ya heri. Lakini imechukua miaka 35 tangu onyo la mwaka 1990, na katika miaka hiyo vyombo vilevile vilikuwa vinauzwa na kugawiwa katika Afrika, ambako karibu kila mgonjwa ana ngozi ya aina ambayo chombo hakikujaribiwa vya kutosha.

Hii isiwe sababu ya kuzitupa oksimita. Mtoto wa Malawi aliyeokolewa ameokolewa kweli, na chombo chenye kosa dogo ni bora mara nyingi kuliko macho matupu. Daktari mwenye busara huitumia kama kamanda anavyoitumia taarifa ya mpelelezi mmoja: huipokea, huiangalia pamoja na dalili nyingine, na hutazama kama tarakimu inazidi kushuka. Mgonjwa anayehema kwa shida hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu tu kibanio kimesema 94.

Bali ni sababu ya kutaka Waafrika wawemo pia katika kuviunda na kuvijaribu vyombo hivi. Na katika jambo hilo vijana wa Uganda wamekwisha kuonyesha njia. Brian Gitta, aliyesomea kompyuta, aliugua malaria ambayo vipimo vya damu vilishindwa mara kadhaa kuigundua. Yeye na wenzake wakaunda chombo walichokiita Matibabu, ambacho hubanwa kidoleni na kutafuta dalili za malaria katika damu kwa mwali mwekundu na sumaku, bila ya sindano. Mwaka 2018 Gitta akawa Mganda wa kwanza kupata Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, akiwa na umri wa miaka 24. Wakati ule chombo chake kilikuwa bado katika majaribio, na njia kutoka tuzo mpaka zahanati ni ndefu. Lakini kilianza kufikiriwa Kampala, kwa ugonjwa wa Kampala, na kidole cha kwanza kuwekwa ndani yake hakikuwa cha mgeni.

Askari aliyepigwa risasi mpakani, majeruhi wa ajali ambaye polisi wa usalama barabarani amemkimbiza hospitali, mke wa mpiganaji anayepasuliwa ili ajifungue, wote hao siku moja watawekewa kibanio kidoleni. Kwao si habari ya mashine za kigeni bali ni habari ya uhai. Historia ya nchi jirani imekwisha kutoa amri tatu ambazo hazina ugumu kueleweka. Lindo lisiwe tupu. Mlinzi apimwe katika uwanja ule ule atakaoulinda. Na filimbi ikilia, kikosi kiwe tayari kimevaa viatu.